Kalamu ya Muuza Filta Haioni Vijidudu

Malipo ya korosho yakishaanza kuingia kwenye akaunti za wakulima, Mtwara na Lindi hufurika wauzaji. Zamani ilikuwa bati, baiskeli na redio. Zikaja pikipiki, simtanki na makochi. Siku hizi wameongezeka wauza mashine za kuchuja maji, na hawa hawauzi kwa maneno matupu. Kijana anaingia uani na begi lake, anaomba glasi ya maji mnayokunywa, anachovya kalamu ndogo yenye kioo. Kioo kinaonyesha mia nne na ushee. Anachovya kwenye chupa aliyokuja nayo, kinaonyesha kumi na kitu. Kisha anatoa kifaa cha pili chenye vyuma, anakichomeka kwenye umeme na kukitumbukiza. Muda si mrefu maji ya nyumbani yamegeuka kahawia, yana mabonge kama mchuzi wa nazi uliokatika, na yale ya chupa yake yametulia tuli. “Mama, haya ndiyo unayowapa watoto?” Hapo biashara imekwisha, kinachobaki ni kukubaliana malipo kwa awamu.

Mtaani sasa linazunguka neno kwamba maji yetu ni sumu, na kwamba nyumba isiyo na mashine ya RO, ile inayosukuma maji kwa nguvu kupita kwenye utando mwembamba, inajitafutia maradhi. Naona neno hilo limekosea mara mbili. Limekosea kuhusu hatari, kwa sababu onyesho lile linapima chumvi na madini, ilhali kinachowalaza watoto wetu zahanati ni vijidudu vya kinyesi. Tena limekosea kuhusu mahali pa hatari, kwa sababu sehemu kubwa ya uchafuzi hutokea maji yakiwa njiani kutoka bombani au kisimani hadi kikombeni, mahali ambapo mashine ya jikoni haifiki. Kwa kaya nyingi za mikoa hii miwili, ndoo yenye mishumaa ya kauri, yaani vichujio vya udongo uliochomwa vyenye umbo la mshumaa, au vidonge vya klorini pamoja na chombo chenye mfuniko na koki, vinatosha. RO ni dawa ya maji ya chumvi. Wapo wenye maji hayo, na nitawafikia, ila si kila mwenye fedha za korosho.

Tuanze na kalamu yenyewe. Inachopima ni wepesi wa umeme kupita ndani ya maji, kisha inakisia kutokana na hapo uzito wa madini yaliyoyeyuka kwa miligramu katika lita. Kalisi inahesabiwa, magnesi inahesabiwa, chumvi ya mezani inahesabiwa. Bakteria wa kipindupindu hahesabiwi, wala mayai ya minyoo, wala dawa ya kunyunyizia mikorosho iliyooshwa na mvua. Shirika la Afya Duniani linasema maji yenye madini chini ya miligramu 600 kwa lita huwa na ladha nzuri kwa watu wengi, na yakivuka 1,000 watu huanza kuyakataa. Viwango hivyo vimewekwa kwa kuangalia ladha. Mwenye shaka achovye kalamu ile kwenye dafu lililofunguliwa sasa hivi. Itaruka hadi maelfu, kwa sababu dafu limejaa potasiamu. Halafu aichovye kwenye maji ya mvua yaliyokingwa kwenye paa la bati pale Newala, paa lenye kinyesi cha ndege na mjusi aliyefia kwenye mfereji. Itasoma karibu na sifuri. Kwa hesabu ya muuzaji dafu ni sumu na maji ya mjusi ni safi kabisa.

Lile onyesho la vyuma ni baya zaidi, maana kalamu angalau inapima kitu. Umeme unapopita kwenye maji yenye madini, chuma cha kifaa chenyewe huyeyuka, huungana na maji na kufanya kutu. Yale mabonge ya kahawia ni kutu ya vyuma vya muuzaji. Maji ya chupa yake hayabadiliki kwa sababu hayana madini ya kupitisha umeme, basi chuma hakiyeyuki. Kuna njia rahisi ya kulipima onyesho hili, na haihitaji maabara: mwombe atie chembe ya chumvi ya jikoni kwenye maji yake safi, kisha arudie. Yatachafuka vilevile.

Haina maana kwamba maji ya kusini hayana kasoro. Yana kasoro nyingi, na hazifanani, ndiyo maana mashine moja kwa wote ni wazo bovu. Uwanda wa Makonde, yaani Newala, Tandahimba na kandokando yake, una udongo unaomeza mvua na kuifikisha chini kabisa. Kwa vizazi wanawake walishuka mabondeni kuteka na kupanda tena na mzigo kichwani. Ndiyo sababu mradi wa maji wa Makonde ulianza tangu enzi za Mwingereza, miaka ya 1950, na ndiyo sababu Finland ilipoingia kwenye maji vijijini Mtwara na Lindi miaka ya 1970 ilikuta kazi ya kutosha miaka mingi. Mtwara mjini hutegemea visima virefu vya Mtawanya, Lindi mjini ina mradi wa Ng'apa, Masasi na Nachingwea wanakunywa kutoka Mbwinji. Wanaoteka mto Ruvuma wana tope. Wa Mikindani, mji uliokaa juu ya mawe ya matumbawe, wanajua ule ukoko mweupe ndani ya birika: ni chokaa, inaua koili ya heta na kumaliza sabuni, lakini haimdhuru mnywaji. Kalamu ya muuzaji ikichovywa kwenye kisima kama hicho hupanda vizuri sana, na mwenye nyumba huogopa jambo lisilotisha. Visima vingine vina chuma: maji yanatoka meupe, yakilala usiku yanageuka rangi ya chai na kutia madoa kwenye kanzu. Hayo nayo ni kero ya ladha na nguo kuliko afya, na huondolewa kwa kuyapa hewa, kuyaacha yatulie na kuyapitisha kwenye mchanga.

Sasa fuata maji ya bomba. Yanatoka kwenye mtambo yakiwa na klorini. Yanaingia kwenye bomba la mgao, na mgao una balaa moja lisilosemwa: bomba likikosa msukumo, tundu lililokuwa linavujisha maji nje huanza kufyonza vya nje kuingia ndani, na mitaa yetu mingi ina vyoo vya shimo mita chache kutoka bombani. Yanafika kwenye simtanki ambalo mfuniko wake ulipeperushwa mwaka juzi. Yanashushwa kwenye dumu. Ingiza kidole kwenye dumu la nyumbani kwako, usugue ukuta wa ndani karibu na shingo. Ule utelezi unaoshika kidole ni makazi ya bakteria, na kusuuza kwa kutikisa hakuuondoi. Kutoka kwenye dumu yanamiminwa ndooni, na ndoo inachotwa kwa kata au kikombe ambacho kila mtoto amekishika. Mwaka 2004 mtafiti Jim Wright na wenzake walipitia tafiti 57 zilizopima maji kwenye chanzo na kisha nyumbani, wakakuta mara nyingi maji yamechafuka zaidi yakishafika kwa mtumiaji. Matokeo hayo hayamshangazi yeyote aliyewahi kuishi nyumba ya wapangaji yenye bomba moja uani.

Hapa ndipo mashine ya RO inapoleta kichekesho. Inaondoa vijidudu, ni kweli. Utando wake ni mwembamba kiasi cha kuzuia hata virusi. Lakini kabla ya utando kuna kichujio cha kaboni, aina ya mkaa, kinachoondoa klorini, kwa sababu klorini huula utando. Maji yanayotoka ni safi na hayana mlinzi. Yakimiminwa kwenye dumu lilelile lenye utelezi, yakachotwa kwa kata ileile, yamerudi yalikotoka, na safari hii hakuna hata chembe ya klorini ya kupambana. Nyumba iliyotumia fedha nyingi kwenye mashine na haikununua ndoo mpya yenye koki imenunua nusu ya kitu.

Hoja za upande wa RO zinastahili kusikilizwa, maana zipo zenye uzito. Ya kwanza ni chumvi yenyewe. Kwenye ufukwe maji baridi, yaani yasiyo na chumvi, hukaa juu ya maji ya bahari chini ya ardhi, na mizani yake ni nyepesi: kila mita moja ambayo maji baridi yanashuka kwa kuvutwa na pampu, maji ya chumvi yaliyo chini yanaweza kupanda takriban mita 40. Kisima kilichokuwa kitamu alipochimba baba kinaweza kuwa na munyu mwanawe akifunga pampu ya umeme. Kwa visima vya namna hiyo, Shangani ya Mtwara au pwani ya Kilwa, mshumaa wa kauri haufanyi lolote, klorini haifanyi lolote, na kuchemsha kunazidisha chumvi kwa sababu maji yanapungua na chumvi inabaki. Mwenye shinikizo la damu akinywa maji hayo kila siku anajiongezea mzigo. Ya pili ni naitreti, inayotokana na vyoo vya shimo na mbolea. Haina rangi wala harufu, haiondoki kwa kuchemsha, na ikizidi miligramu 50 kwa lita ni hatari kwa mtoto mchanga anayenyweshwa maziwa ya kukoroga. Mwenye kisima kifupi kwenye mtaa uliobanana ana haki ya kuiogopa. RO inaipunguza sana.

Lakini hata huyo mwenye haki apige hesabu yote. Mashine ya nyumbani humwaga maji kuliko inayochuja. Lita tatu za kumwaga kwa lita moja ya kunywa ni jambo la kawaida. Kwa mwenye kisima chake si neno, yatasafisha choo. Kwa anayenunua maji ya boza au anayesubiri mgao, amejitwisha bili mara nne. Inahitaji msukumo, kwa hiyo pampu, kwa hiyo umeme. Vichujio vya mwanzo hubadilishwa kila baada ya miezi sita hadi mwaka, utando kila miaka miwili au mitatu, na maji yenye chuma au chokaa hufupisha umri huo. Kaboni ikichoka bila kubadilishwa, klorini inapenya na kutoboa utando kimyakimya. Mashine inaendelea kuunguruma, taa zake zinawaka buluu, na maji yanatoka kama yalivyoingia. Swali la maana kwa muuzaji ni nani hapa Mtwara, au hapa Lindi, anauza utando wa mashine hii dukani kwake. Jibu likiwa “tutaagiza Dar”, jua unanunua kitu kitakachokuwa kabati la vikombe.

Upande wa pili nao una maneno yake, na baadhi ni dhaifu kupindukia. Kuna wanaosema RO inaua kwa sababu inaondoa madini, mifupa italainika. Madini tunayapata kwenye chakula: anayekula dagaa, kisamvu na mtama hategemei glasi ya maji kwa kalisi yake. Ukitaka kuipinga RO kuna sababu za kweli, usitafute za kubuni. Kuna wanaosema, “Kaka, maji haya bibi zetu walikunywa na wakafika miaka tisini.” Tunaowaona ni waliofika tisini, ndugu zao waliokufa kwa kuhara kabla hawajaanza kutambaa hawapo barazani kutoa ushahidi. Kipindupindu kilichoanza Dar es Salaam Agosti 2015 kilizunguka nchi kwa zaidi ya miaka miwili na kuambukiza watu zaidi ya 30,000, na hakikuuliza bibi wa mtu alikunywa nini. Hoja ya wazee iliyo imara ni moja, ya kuchemsha. Maji yakitokota kwa mabubujiko makubwa, bakteria, virusi na vimelea vyote vimekufa, na hakuna filta ya jikoni inayoshinda hapo. Udhaifu wake ni mkaa, kuni au gesi ya kila siku, na yaleyale ya dumu na kata.

Vipeperushi vya wauzaji vina picha nyingine inayotumika vibaya: mtoto mwenye meno ya kahawia. Hayo ni madhara ya madini ya floridi yakizidi majini, na ni tatizo zito Arusha, Kilimanjaro na Manyara, kwenye maji yanayopita mawe ya volkano. Huku kwetu hatuna volkano, na meno ya Mmakonde au Mmwera hayajawahi kuwa na sifa hiyo. Kipeperushi kimechapwa kwa ajili ya Usa River kule Arusha, kimepakiwa kwenye basi hadi Masasi.

Basi mtu achague nini? Kwa bomba na kisima chenye maji matamu, mimi ningeanza na ndoo mbili zilizobebana, za plastiki au chuma kisichoshika kutu, zenye mishumaa ya kauri katikati. Matundu ya kauri nzuri ni madogo kuliko bakteria wengi na makubwa kuliko virusi, kwa hiyo huzuia kipindupindu, taifodi na amiba, na huacha baadhi ya virusi. Haihitaji umeme wala msukumo. Inatoa ndoo moja hivi kwa siku, na familia ya watu sita hainywi zaidi ya hapo. Adui wake ni uzembe wa aina mbili. Mtu anausugua mshumaa kwa sabuni au steelwool, akiuharibu, wakati brashi laini na maji matupu ndivyo vinavyotakiwa. Au mshumaa unapata ufa mwembamba pale shingoni, maji yanapita kwenye ufa kwa kasi nzuri, na watu wanafurahi kwamba filta “imefunguka”. Filta ya kauri inayoongeza kasi ghafla ni ya kukaguliwa siku hiyohiyo. Sokoni zipo pia mishumaa hafifu inayomomonyoka kama chaki. Ikikuachia unga mweupe mkononi, iache dukani.

Klorini ni rahisi kuliko vyote. Kidonge kimoja cha miligramu 67 kwa ndoo ya lita 20 ya maji meupe, unasubiri nusu saa, na kina sifa ambayo kauri, RO na kuchemsha hazina: kinaendelea kulinda maji yakiwa chomboni. Hakifanyi kazi vizuri kwenye tope, hivyo wa Ruvuma watulize na kuchuja kwanza. Harufu ndiyo lawama kubwa, na hupungua maji yakilala usiku. Kwa maji ya mvua ya Uwanda wa Makonde sioni kinachoshinda klorini na utaratibu wa kumwaga mvua ya kwanza iliyoosha paa; kumuuzia RO mtu wa Tandahimba mwenye tangi la mvua ni kumuuzia mashine ya kuondoa chumvi isiyokuwepo. Majagi ya kaboni yanasahihisha ladha basi, na kaboni iliyokaa muda mrefu huwa kitalu cha bakteria. Taa za mionzi ya UV, zinazoua vijidudu kwa mwanga, ni nzuri pale maji yakiwa angavu na umeme haukatiki. Tope humpa kijidudu kivuli cha kujificha.

Yote haya yanadai kitu ambacho wauzaji hawakitaki na mamlaka hazijakihimiza vya kutosha, nacho ni kuyapima maji kabla ya kununua. Wizara ya Maji ina maabara ya ubora wa maji Mtwara. Mwenye kisima apeleke sampuli, aombe vipimo vinne tu: bakteria wa kinyesi, chumvi, naitreti na chuma. Bakteria wakiwepo na vingine vikiwa sawa, hahitaji RO. Chumvi au naitreti ikizidi, kauri itamdanganya. Wa bomba asibebe gharama hiyo peke yake. Mamlaka za maji za miji na RUWASA, iliyoundwa kwa sheria ya 2019 kusimamia maji vijijini, hupima maji yao kama sehemu ya kazi, na hakuna sababu matokeo ya kila mtaa yasibandikwe ofisi ya serikali ya mtaa kila mwezi, kiwango cha klorini kilichobaki bombani kikiwa mstari wa kwanza. Maonyesho ya kutu nayo yana pa kushtakiwa. Sheria ya Ushindani ya 2003 inakataza kumpotosha mlaji, na onyesho linalochafua maji kwa vyuma vya muuzaji kisha kuyaita machafu sijui lingeitwa nini kama si upotoshaji.

Kwa mitaa ya chumvi, naona kosa la kimsingi ni kudhani suluhisho lazima likae ndani ya kila nyumba. Mashine moja kubwa kwenye kioski cha mtaa, yenye fundi anayelipwa na vipuri vilivyowekwa stoo, hupoteza maji kidogo kwa kila lita kuliko mashine kumi ndogo za sebuleni, na utando wake hubadilishwa kwa wakati kwa sababu kuna mtu kazi yake ni hiyo. Watu wangechota pale maji ya kunywa na kupikia, na kisima cha munyu kingebaki kwa kufua na kudeki. Kinachotakiwa kukokotolewa na manispaa, au na chama cha watumia maji chenye nia, ni ndoo ngapi za kunywa mtaa unahitaji kwa siku, bei gani ya ndoo itatosha kununua utando mpya baada ya miaka miwili, na ni nani atakayeshika fedha hizo hadi wakati huo ufike.